Ganzi Si Usingizi

1

Unga wenyewe ulikuwa mweupe, laini kuliko unga wa muhogo uliochekechwa mara mbili, na ulikaa ndani ya chupa nyeusi kwa sababu haupatani na mwanga. Ukiuyeyusha ukauacha dirishani siku mbili tatu, maji yake yanageuka kama chai ya rangi, na hapo ni ya kumwaga. Wataalamu waliuita trikaini. Nyangeta aliuita unga wa ganzi, na kwa miaka minne alikuwa ameupima vizuri kuliko hao waliouita kwa jina lake.

Asubuhi hiyo alianza kama siku zote. Alifuta beseni la bluu kwa kitambaa, akatia maji lita kumi na tano, akachota unga vijiko vitatu vya kupimia, kila kimoja akikisawazisha kwa mgongo wa kisu. Alichota kwa mikono mitupu. Glovu zilikuwa zimeisha tangu mwezi wa tano, naye hakuagiza nyingine, maana angeulizwa zimeishaje.

Unga uliyeyuka mara moja. Ndivyo ulivyo, hauna ubishi kwenye maji. Ubishi wake ni mwingine: maji yakishaunywa yanakuwa makali, makali ya ndimu, na samaki ukimweka humo hivyo hivyo utamchoma ngozi na matamvua kabla hujamlaza. Kwa hiyo hutiwa soda ya kupikia, mara mbili ya unga, kuua ule ukali. Nyangeta alifungua kopo jekundu, akatia vijiko sita. Maji yakatoa povu jingi. Akachovya kipande cha karatasi ya kupimia, akakisogeza karibu na pua. Karatasi ilitakiwa kuwa rangi ya majani mabichi. Kwake ilikuwa ya majivu. Siku hizi kila kitu kilikuwa cha majivu, hata kanga yake ya kuendea kanisani.

"Ni ileile," alijiambia, akaitupa.

Kisha akamtoa kamongo kwenye tangi kubwa. Alikuwa dume, mrefu kuupita mkono wa mtu mzima, mwili kama wa kambare aliyevutwa, na mapezi membamba mithili ya kamba za viatu. Kamongo si sato. Sato ukimtia ganzi unamwacha chini ya maji, matamvua yanaendelea na kazi. Kamongo ana mapafu. Asipopanda juu kuvuta hewa anakufa maji, samaki mzima, kama mtu. Kwa hiyo kila mara alipolazwa, Nyangeta alikaa kwenye kigoda pembeni ya beseni, kiganja cha kushoto kimeingia chini ya kidevu cha yule samaki, akikishikilia juu ya maji. Saa nzima. Mkono unakufa ganzi nao, lakini huuondoi.

Mwili ulipolegea, alitafuta kwa vidole kile kipete cha chuma chenye tundu nyuma ya kichwa, akachomeka uzi wa shaba. Uzi ulikwenda kwenye sanduku lililokaa mezani. Sanduku likaunguruma.

"Chini," likasema. "Chini kuna baridi. Upande wa jua linapotua."

Nyangeta akafumba macho. Ilikuwa sauti ya Maregesi, mumewe, na hata kile kikohozi kidogo kabla ya neno refu kilikuwamo.

Hakukuwa na uchawi. Ziwa lilipoanza kurudi nyuma, mwaka hadi mwaka, mpaka kituo kilichojengwa ufukweni kikabaki peke yake katikati ya vumbi lililopasukapasuka, watu wa maabara walitaka kujua yale maji yamekwenda wapi. Wakagundua kamongo anajua. Anayahisi yakiwa mbali chini ya ardhi, kwa namna ambayo hakuna mashine iliyoweza. Wakamtia uzi, wakatengeneza sanduku la kugeuza mapigo ya neva zake kuwa maneno. Sanduku likataka sauti ya mtu. Maregesi alikuwa mlinzi wa getini. Wakamweka stoo wiki tatu, akasoma orodha ya maneno, ukurasa baada ya ukurasa, akatoka na asante ya chupa ya chai na koti la mvua.

"Koti la mvua!" alicheka siku hiyo, akilivaa kwenye jua kali. "Mama, wamenipa koti la mvua. Hawa watu wana imani."

Miezi sita baadaye kifua kilimwondoa, kwenye zahanati ya Makazi ya Tano. Nyangeta alirudi kituoni kumalizia zamu yake, na alipomlaza kamongo mara ya kwanza baada ya msiba, mume wake akasema "maji" kutoka mezani. Aliangusha kijiko.

Aliwahi kujaribu kulisemesha sanduku bila samaki. Lilisoma maneno kama mwalimu anayeita majina darasani, neno, neno, neno. Halikumngoja mtu. Lakini kukiwa na kiumbe hai upande wa pili wa uzi, sauti ilisita, ikafikiri, ikavuta pumzi. Hapo ndipo alipokuwa Maregesi.

Wataalamu waliondoka mwaka juzi, visima tisa vilipokwisha kuchimbwa. Walimwachia kamongo, tangi, redio, na fomu. Fomu ilisema alazwe mara moja kwa mwezi, basi, kuangalia kama maji ya chini yamehama. Nyangeta alikuwa akimlaza kila Alhamisi. Tangu kiangazi hiki kishike, na kila Jumapili pia.

"Upande wa jua linapotua," sanduku lilirudia. Likanyamaza. Kisha likasema, polepole, "Maji yanachoma."

Nyangeta akafumbua macho.

"Maji yanachoma," akasema Maregesi.

Ilikuwa siku ya tisa kusikia neno hilo. Ukutani palikuwa na kanuni, imeandikwa kwa herufi kubwa ambazo zamani alizisoma akiwa mlangoni: mnyama akitaja maumivu siku tatu, kazi isimame, uzi ukatwe. Kwenye fomu lilikuwa swali la sita. Hakuhitaji kuliona, mkono ulijua mahali pake. Mara nane alikuwa ameweka alama kwenye "Hapana".

Alimrudisha kamongo kwenye maji safi, akaendelea kumshika kidevu mpaka alipofunua kinywa na kuvuta hewa mwenyewe kwa mlio ule wa mzee anayeonja uji wa moto. Ndipo akaifikia kalamu. Akaweka alama ya tisa palepale.

2

Wegesa alifika siku ya pili yake, na tela lake la upepo, lile linaloelea juu ya ardhi bila magurudumu, likipuliza vumbi mpaka kwenye sufuria. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, na ndiye pekee aliyekanyaga kituo kile kila baada ya wiki mbili.

"Shikamoo, mke mwenzangu!"

"Marahaba. Punguza kelele, sijawa kiziwi."

"Mume wetu hajambo?" Wegesa alichungulia maabara, akalipungia sanduku mkono. "Mwambie nimemletea dagaa, asije akasema anayempenda ni wewe tu."

"Atakupenda wewe na hizo ndevu za vumbi?"

Walicheka. Nyangeta akachukua birika kumimina chai. Aliisikia ikimwagika kabla hajajua kilichotokea. Kikombe kilikuwa upande wa kulia wa pale alipomimina, kwa upana wa vidole vitatu.

Wegesa hakucheka tena. "Bibi."

"Meza imeinama."

"Meza haijainama. Nitazame. Nimevaa nguo ya rangi gani?"

"Umevaa nguo. Inatosha, wengine hawana."

"Bibi Nyangeta."

Nyangeta alipangusa meza kwa upindo wa kanga. Alimwona Wegesa, lakini kwa pembeni. Akimtazama usoni, uso unaondoka, linabaki duara la moshi. Ilianza kidogo kidogo. Alidhani ni uzee, kwa maana uzee husingiziwa mengi.

Wegesa alianza kushusha mizigo kwa kishindo, kama watu wanavyofanya wakiogopa. Mchele. Mafuta ya taa. Maharage, na pakiti ya magadi ya mawe ya kuyalainishia. Kisha makopo.

"Halafu niambie," alisema, akijaribu kurudisha utani, "hizi bekingi poda makopo sita unampikia nani maandazi? Una harusi huku jangwani hujanialika?"

"Hiyo ni soda ya samaki."

"Ni bekingi poda."

"Nimeagiza ya kopo jekundu. Ile ya kuumulia. Nimemwambia mwenye duka mwenyewe kwa redio."

"Ndiyo, na ya kuumulia ndiyo hii. Kopo jekundu, imeandikwa hapa, na pembeni kuna picha ya andazi." Wegesa alimpa kopo mkononi, kana kwamba vidole vingesoma. "Soda huwa kwenye paketi ya karatasi. Wewe si ndiye uliyenifundisha kupika, hujui?"

Nyangeta alijua. Hakuna mwanamke asiyejua. Jikoni vitu hivi viwili hukaa rafu moja na huitwa jina moja na mtu mwenye haraka: leta ile ya kuumulia. Lakini soda ni soda tupu. Bekingi poda ni soda iliyokwisha kuchanganywa na kitu kichachu na wanga, ili ikikutana na maji ifanye povu na unga uumuke. Inapigana yenyewe kwa yenyewe ikaishia hapo hapo. Haibaki na nguvu ya kuua ukali wa kitu kingine.

Lile povu. Na alikuwa akilifurahia.

"Soda ya maabara iliisha lini?" aliuliza, ingawa aliyeulizwa hakuwa Wegesa.

"Mimi nitajuaje? Nimekuletea makopo haya tangu mwezi wa tano."

Ingeitosha fomu ya Daktari, mkuu wa wataalamu wale, soda ile. Ingefika hata mwakani. Haikupangiwa Alhamisi na Jumapili.

Aliinuka akaenda maabara. Kwenye beseni la bluu kulibaki maji ya jana kiasi cha bakuli, hajayamwaga. Alichovya kidole akakiweka kwenye ncha ya ulimi, jambo ambalo Daktari alimkataza siku ya kwanza kabisa. Yalikuwa machachu kama ukwaju mbichi. Akasimama pale, na ule uchachu ukafifia taratibu, si kwa kuisha, bali kwa sababu ulimi wenyewe ulikuwa unakufa ganzi. Hapo akaelewa jinsi ilivyokuwa kwa yule mwingine. Kwanza unachomwa. Halafu unanyang'anywa ulimi wa kusema kuwa umechomwa. Ila kamongo alikuwa na uzi.

"Wegesa," aliita, maneno yakitoka mazito. "Kabla hujaondoka, njoo unisomee rangi ya karatasi."

Waliponda magadi kwenye kinu kidogo cha tangawizi, yakawa unga. Nyangeta alitengeneza maji mapya, akaanza kutia magadi kidogo kidogo, ncha ya kijiko kwa ncha ya kijiko, maana magadi ni makali kuliko soda na yakizidi yanaunguza kwa upande wake. Kila mara Wegesa alichovya karatasi.

"Njano ya embe."

Akatia tena.

"Njano bado. Inaelekea ukijani."

"Sasa?"

"Majani. Majani ya maharage."

"Simama hapo." Nyangeta alifunika beseni kwa kitambaa cheusi. "Haya, nenda, jua lisikuishie njiani."

Wegesa alisita mlangoni. Tela lake lilikula jua, likikosa jua linalala vumbini. Hilo wote wawili walilijua. "Nirudi lini?"

"Nitakuita kwa redio."

"Mwambie mume wetu akutunze," alisema Wegesa, lakini safari hii hakulitazama sanduku.

3

Alivaa mifuko ya nailoni mikononi, akaifunga kwa raba kwenye vifundo. Alimlaza kamongo, akaketi kwenye kigoda, kiganja chini ya kidevu. Kupitia nailoni hakuweza kuhisi ule utelezi wa ngozi aliouzoea, ila uzito tu.

Alijiambia kwamba akisikia hachomwi tena, basi kosa limerekebishwa, na yale ya nyuma ni ya nyuma. Wangeweza kuendelea. Nani angejua?

Mwili ukalegea. Akachomeka uzi.

Sanduku liliunguruma muda mrefu. Alisikia upepo ukisaga mchanga kwenye paneli za jua juu ya bati.

"Hayachomi," akasema Maregesi.

Nyangeta alitoa pumzi. "Asante Mungu," alinong'ona. "Nisamehe. Lilikuwa kosa la kopo."

"Hayachomi," sauti ilisema, na kile kikohozi kidogo kikaja. Kumbe lilikuwa linakuja neno zito. "Nataka tope."

"Tope liko wapi, mume wangu? Kumekauka."

Samaki hakuwa akimsikia. Uzi ulikuwa wa kutolea maneno, si wa kuingizia. Hilo nalo alilijua siku zote, na siku zote alijibu.

"Nataka tope. Nataka kulala."

"Si umelala?"

"Huku siko kulala," akasema Maregesi. Alisita, kama mtu anayetafuta kitu gizani kwa mkono. "Huku nimeshikwa."

Mkono wa kushoto wa Nyangeta ulikuwa palepale chini ya kidevu.

Zahanati ya Makazi ya Tano ilikuwa na vitanda sita, na Maregesi alipewa cha dirishani. Siku mbili za mwisho hakutaka chakula. Alitaka kufumba macho. Kila alipoyafumba Nyangeta alimtikisa bega: Baba, zungumza na mimi. Baba, usilale. Nesi alimwambia, mama, mwache apumzike, naye akamjibu nesi maneno ambayo mpaka leo anayaonea haya. Akamtikisa tena. Neno la mwisho la Maregesi halikuwa jina la mkewe wala la Mungu. Lilikuwa "niache kidogo", na aliposema hivyo Nyangeta alifurahi, kwa sababu alikuwa amesema.

Alichomoa uzi kabla ya nusu saa. Hakuwahi kuuchomoa mapema hivyo. Akamweka kamongo kwenye maji safi, akangoja mpaka akavuta hewa, halafu akavua mifuko, akaketi sakafuni, mgongo kwenye tangi.

Kwenye msumari juu ya mlango kilining'inia kibuyu cha Maregesi. Alikuwa nacho tangu utotoni. Zamani, ziwa lilipokuwa na vidimbwi vya pembeni, kamongo walijichimbia topeni kiangazi kikianza, wakajifunika kwa ute wao ukakauka kama karatasi, wakalala miezi, hata miaka, mpaka mvua. Watoto wa kijijini kwao walikwenda na vibuyu, wakapigapiga kwa ncha za vidole, ta-ta-ta-ta, kama matone. Kamongo aliye chini akidhani mvua imekuja anatoa mlio. Naye akishajibu, amejionyesha, watoto wanachimba. "Ni uongo mbaya," Maregesi alipenda kusema, "lakini mtamu na ugali."

4

Dakta Kokuhirwa alikuja hewani saa nne asubuhi, sauti yake ikikwaruza redioni. Alikuwa mkuu wa kazi ile tangu mwanzo, sasa amehamia nyanda za juu, na kwa kawaida aliongea kwa haraka ya mtu mwenye watu mlangoni.

"Mama Nyangeta, habari za huko? Mgonjwa wetu?"

"Daktari, nina maneno. Keti."

"Nimeketi."

Akayasema yote, moja baada ya jingine, kama anavyoanika nguo kwenye kamba. Kopo jekundu. Siku tisa za "yanachoma". Alama kwenye "Hapana". Alhamisi na Jumapili.

"Mara ngapi jumla?" aliuliza Daktari.

"Tangu mwaka jana, sitini na moja."

"Mama! Zilitakiwa zisifike kumi na tano."

"Najua."

"Vipimo nilikuwa ninavyo. Visima vilikwisha. Ulikuwa unatafuta nini?"

Nyangeta alilitazama sanduku, yaani alitazama pembeni yake, ili alione. "Anavyosita," alisema. "Kabla ya neno. Alikuwa akisita hivyo hivyo hata nikimuuliza kama amekula."

Redio ilikwaruza. Daktari alipoongea tena haraka ilikuwa imemtoka. "Kosa ni langu. Niliweka sauti ya mtu kwenye chombo nikakuacha nacho chumba kimoja." Kisha, "Glovu?"

"Ziliisha."

"Umekuwa ukishika ule unga kwa mikono? Macho yako vipi?"

"Katikati hakuna kitu. Pembeni bado."

Daktari alisema jambo kwa Kihaya, si kwake. "Sikiliza. Usiuguse tena. Unapita kwenye ngozi, na wapo waliougusa kwa miaka ukawapunguzia nuru ya macho. Wengine ikarudi walipoacha. Siwezi kukuahidi."

"Na samaki?"

"Kanuni unaijua. Mnyama aliyefikisha siku tatu, kazi inasimama. Uzi unakatwa. Na mnyama aliyetiwa uzi harudishwi." Alivuta pumzi. "Kipimo mara tano, mama. Na safari hiyo humshiki kidevu. Hatajua kitu. Nitamtuma mtu afanye, si lazima uwe wewe."

Hapo ndipo Nyangeta alipoelewa alichokuwa akikilinda kila alipoweka alama kwenye "Hapana", na alichokuwa akikiuza. Akinyamaza, samaki ataishi ameshikwa. Akisema, atauawa. Na alikuwa amekwisha kusema.

"Ametaka tope, Daktari."

"Nini?"

"Jana. Maji yalikuwa sawa, Wegesa alinisomea karatasi. Hakusema anaumwa. Amesema huku si kulala, anataka tope alale. Kwenye fomu hakuna mahali pa kuandika mnyama anachotaka. Nimepapasa kote."

"Hakuna mahali," alikubali Daktari. "Mwisho wa fomu pana mstari mmoja. Ukiutaka uzi utoke salama, utatumia unga mara moja zaidi, kwa kujifunika mikono. Halafu kwenye ule mstari andika: ametolewa. Fomu haiulizi ametolewa kwenda wapi." Kisha, "Nami sitauliza. Lakini sanduku litazimwa, mama. Na wewe huwezi kubaki huko na macho hayo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Nyote wawili mnaondoka."

5

Nyuma ya maabara, pale maji ya kusuuzia yalipomwagwa miaka yote, ardhi ilikuwa bado nyeusi. Nyangeta alichimba kwa jembe asubuhi nzima, akipumzika, akichimba, mpaka mkono ulipozama hadi begani na vidole vikakuta tope zito, baridi, linalonata kama unga wa mtama uliokandwa.

Kisha akaingia ndani, akapima vijiko vitatu vya mwisho, mikono imefungwa nailoni. Akatia magadi kwa kipimo alichokikariri juzi. Hakulichomeka sanduku. Alikata ncha ya uzi iliyozikwa ngozini kwa mkasi wa kushonea, akakizungusha kile kipete cha chuma kikatoka, akapaka dawa kwenye kidonda, huku kiganja cha kushoto hakijaondoka chini ya kidevu. Chumba kilikuwa kimya. Alidhani hataweza kuketi ndani ya kimya hicho, na akaketi.

Maji safi. Akangoja. Kamongo akafunua kinywa, akavuta hewa, akajipindua kwenye mkono wake kwa nguvu ambayo Nyangeta hakuwahi kuikuta kwake. Akamfunga kwenye gunia bichi, akambeba nje kifuani.

Alipomweka shimoni, kamongo hakufanya haraka. Alikaa kitambo juu ya tope, mapezi yale kama kamba za viatu yakigusagusa. Kisha akatia kichwa, akaanza kuuma tope na kulitema pembeni, akizama, mpaka ukabaki mkia, mpaka haukubaki. Nyangeta alirudishia udongo kwa mikono, akaacha tundu la kupumulia, upana wa kidole gumba.

Aliijaza fomu kwa kupapasa. Siku tisa. "Ndiyo", mara tisa. Kwenye mstari wa mwisho aliandika neno moja kwa herufi kubwa za darasa la nne, na hakujua kama lilikaa juu ya mstari.

Wegesa, baada ya kuitwa kwa redio, alimkuta amevaa kanga ya kanisani, amekaa juu ya sanduku lake la nguo, kibuyu mapajani.

"Mke mwenzangu, ndio hivyo tu? Miaka yote hiyo, kasanduku kamoja?"

"Vingine ni vya serikali."

Wegesa alichungulia maabara kwa mazoea, mdomo tayari kwa utani. Aliliona sanduku la sauti limefunikwa kitambaa. Akabeba mzigo.

Tela lilikuwa nyuma ya maabara, kivulini. Nyangeta alisaidiwa kupanda, akampa Wegesa kibuyu akishikilie wakati akijifunga mkanda. Wegesa alikigeuza, akakipuliza vumbi. Halafu, kama afanyavyo mtu yeyote aliyeshika kibuyu kikavu, vidole vyake vikaanza kukipigapiga. Ta-ta-ta.

Nyangeta aliukamata mkono wake.

Aliukamata kwa nguvu, naye Wegesa akamtazama kwa mshangao. Nyangeta aliinamisha kichwa upande wa lile tundu, hatua nne tu kutoka pale, akasikiliza. Mwili wake wote ulitaka. Mlio mmoja tu. Hata si kwa sauti ya Maregesi, kwa sauti yake mwenyewe yule samaki, yoyote ile. Vidole vya Wegesa vilikuwa ndani ya kiganja chake, vingeweza kumalizia.

"Si hapa," alisema.

"Kuna nini hapa?"

"Kuna mtu amelala. Twende. Tukifika mbali, gonga unavyotaka."

Tela likainuka juu ya vumbi, likageukia upande wa Makazi ya Tano. Walikwenda mpaka kituo kikawa kidoa, kisha Wegesa akasema hakionekani tena. Kwa Nyangeta kilikuwa hakionekani siku nyingi.

"Sasa?" aliuliza Wegesa.

"Sasa."

Wegesa akashika usukani kwa mkono mmoja, kwa mwingine akakigonga kibuyu, ta-ta-ta-ta, juu ya ardhi kavu isiyo na kitu chini yake. Hakuna aliyejibu. Nyangeta akamwambia aendelee.